Karatasi Iliyosema "Haionekani"

Kopo la dawa lina kelele zake. Vidonge 30 ndani ya kopo jeupe la plastiki, ukitembea navyo mkobani vinalia kama kayamba, na hapa Kisumu kila mtu wa rika langu anaijua sauti hiyo. Tuliizoea tangu ARV zilipoanza kugawiwa. Wapo waliojifunza kujaza pamba ndani ya kopo ili lisiwaumbue kwenye matatu. Nami nilijaza pamba, ingawa sina virusi vya UKIMWI. Nina homa ya ini aina ya B. Ila dawa yangu, tenofoviri, ni ile ile iliyomo ndani ya kidonge cha wenzangu wa UKIMWI, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiichukulia kwenye kliniki yao, ile tunayoiita si-si-si. Siku moja mzazi wa mwanafunzi wangu aliniona kwenye foleni. Wiki iliyofuata walimu wawili walianza kunisalimia kwa upole wa ajabu, upole wa matangani.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili nje kidogo ya Kisumu. Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, nikaolewa huku ziwani, na kwa wakwe zangu jina langu ni Nyar Nakuru, binti wa Nakuru, hata baada ya miaka 17 ya kusonga ugali wa kwao.

Habari za ini langu nilizipata mwaka 2017. Watu wa kuchangisha damu walikuja shuleni, na walimu tukatakiwa tutangulie ili wanafunzi wasiogope sindano. Nilitoa damu, nikanywa soda, nikala biskuti, nikarudi darasani kufundisha ngeli. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu: njoo, na ikiwezekana uje peke yako. Kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, mhudumu aliniandikia kwenye daftari langu la kurasa 32 kwamba nina homa ya ini B, akafunga kalamu na kusema, "Haina dawa. Kula vizuri, acha pombe." Pombe sijawahi kuionja. Hilo neno "haina dawa" lilinila miaka miwili.

Mwalimu wa lugha akiambiwa ini lake linaugua, ataanza na neno. Kwa Kiswahili maini ndipo uchungu unapofikia: mtu akikutamkia maneno mabaya, unasema amekukata maini. Kwa Kijaluo ini ni chuny, na chuny ndilo neno hilo hilo la roho na nafsi. Nilipomweleza mama mkwe kwamba chuny yangu ndiyo inayougua, alinyamaza kidogo, akaweka chini ungo wa omena, akaniuliza: "Nani amekuudhi, Nyar Nakuru?"

Nilicheka siku hiyo. Baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu ugonjwa wenyewe, niliona swali lake halikuwa mbali sana na lile wanaloulizana wanasayansi. Maana virusi vya B haviharibu ini kwa mikono yao. Vinaingia ndani ya seli ya ini, vinajinakili, vinatoka, na seli inaendelea kuishi. Kinachovunja ini ni hasira ya mwili wenyewe, seli zetu za ulinzi zinapokuja kumtafuta mgeni na kuichoma nyumba anamolala. Nani amekuudhi, ndiyo. Na kwa nini umekasirika sasa, si juzi?

(Kabla sijasonga: homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu na ni ugonjwa mwingine kabisa. Macho kugeuka manjano ni dalili tu, na wengi wenye B sugu hawaipati kamwe. Nimesahihisha jambo hili chumba cha walimu mara nyingi kuliko nilivyosahihisha "nyumba yangu" na "nyumba langu".)

Mtu akiambukizwa B akiwa mzima, mara nyingi mwili unaushinda ugonjwa. Chini ya watu watano kati ya 100 ndio wanaobaki na virusi maisha yao yote. Mtoto mchanga ni kinyume chake: kama 90 kati ya 100 hubaki navyo. Mimi nilizaliwa 1981. Mama alipopimwa alikutwa navyo, na kaka yangu mdogo pia. Dada yetu mkubwa hana. Hatujui kama tulivipata wakati wa kuzaliwa au baadaye, kwa wembe mmoja wa kunyolea watoto wote wa ua. Watoto wangu, wa 2008 na wa 2012, hawana. Kenya iliingiza chanjo ya B mwaka 2001 ndani ya ile sindano ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kadi zao za kliniki, moja ikiwa imemwagikiwa uji, ninazitunza pamoja na vyeti vyangu vya ndoa na ualimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B sugu. Nasi watatu wa nyumba moja pale Bondeni tumo.

Sasa, kwa nini mwili wa mtoto haupigani? Sehemu ya jibu ni ini lenyewe. Kama robo tatu ya damu inayoliingia hutoka tumboni, imebeba kila tulichokula na vipande vya vijidudu vya utumbo. Ini likianza kugombana na kila kitu kigeni, hatutamaliza sahani moja ya samaki. Kazi yake ni kama ya ofisa wa forodha pale Busia: akifungua kila lori hadi gunia la mwisho, foleni itafika Bumala. Kwa hiyo ini limeumbwa na uvumilivu. Mwaka 1969 Roy Calne na wenzake Uingereza walieleza jinsi nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine walivyoweza kulipokea bila dawa za kuzima kinga, jambo ambalo kwa figo halikuwa hivyo. Virusi vya B vimechagua kupanga chumba kwa mwenye nyumba mpole kuliko wote mwilini.

Sehemu nyingine ya jibu nilielewa nikiwa kwenye steji ya Kisumu. Nikisafiri kwenda Nakuru kumwona Mama, nakuta manamba anapaza sauti: "Nakuru wawili! Wawili twende!" Unachungulia, gari limejaa. Kuna mama mwenye kikapu, kijana aliyeziba masikio kwa muziki, mzee amefunua gazeti. Unalipa, unakaa. Dakika tano, mzee anakunja gazeti, anashuka. Kijana anashuka. Mama anashuka na kikapu chake, na ndani ya kikapu hamna hata kitunguu. Hao ni watu wa steji, wanapewa kitu kidogo wajaze gari kwa macho. Hawana safari.

Virusi vya B vinafanya biashara hiyo hiyo. Kwa kila kirusi kimoja kizima, seli iliyoambukizwa hutoa magamba matupu elfu moja, na yanaweza kufika laki moja: protini ya nje tu, ndani hamna kitu. Gamba hilo ndilo linalopimwa damu ikichangwa, lile ambalo karatasi ya maabara huliita HBsAg. Baruch Blumberg alilikuta kwa mara ya kwanza katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akaliandikia mwaka 1965, na wala hakuwa akitafuta homa ya ini. Alikuwa akichunguza tofauti za protini katika damu za watu. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku ya homa ya ini duniani, tarehe 28 Julai, ni siku yake ya kuzaliwa. Mimi nikilisikia jina la gamba hilo namkumbuka yule mama wa kikapu. Seli zangu za ulinzi zimehangaika na abiria wasio na safari tangu sijajua kusema "shikamoo".

Tangu enzi za kampeni za UKIMWI tumelishwa hadithi ya askari wa mwili. Askari wakipungua, unaugua, wakiongezeka, umepona. Hadithi hiyo ilifaa kwa UKIMWI, kwa sababu pale kweli unahesabu. Kwa B inapotosha. Wahusika wakuu ni seli T, aina mojawapo ya seli za ulinzi, hasa zile zinazoitwa CD8. Watafiti wa Marekani walilionyesha kwa sokwe: mwaka 2003 walipowaondolea sokwe walioambukizwa hizo seli za CD8, virusi havikuondoka hadi seli ziliporudi. Na kikundi hicho hicho kilikuwa kimeonyesha mwaka 1999 kwamba sehemu kubwa ya virusi inaweza kuondolewa kabla hata seli za ini hazijauawa kwa wingi. CD8 humwaga kemikali, mojawapo interferoni gama, na virusi vinazimika ndani ya seli iliyo hai. Yaani mpangaji mbaya anatolewa na nyumba inabaki imesimama.

Kwangu mimi hizo CD8 zipo. Ni chache, lakini zipo. Tatizo ni hali zao. Zimemwangalia mgeni miaka mingi mno, na zimevaa breki nje ya ngozi yao, mojawapo ikiitwa PD-1, ile ambayo Tasuku Honjo wa Japani aliigundua mwaka 1992 na kuipatia Nobel mwaka 2018. Wanasayansi wanasema zimechoka. Siyo askari wa gwaride hawa. Ni soja wa plot yetu, mzee wa watu, ambaye kengele ya gari la jirani imelia kila usiku kwa paka kupita, hadi sasa ikilia anajivuta blanketi tu.

Mwaka 2019 ndipo nilipokutana na daktari aliyefuta lile neno "haina dawa". Mwanamke mdogo kuliko mimi, anapenda kuchora. Alipima virusi, vikawa 61,000 kwa mililita, kimeng'enya cha ini, kile kinachovuja damuni seli za ini zikiumia, kikiwa juu mara mbili ya kawaida katika vipimo viwili vilivyopishana miezi. Akaniandikia tenofoviri, miligramu 300, kimoja kila siku. Baada ya miezi mitatu virusi vilishuka hadi 900. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza nikapewa karatasi yenye maneno matatu ya Kiingereza ambayo mimi, kwa ujuzi wangu wote wa tafsiri, niliyageuza kuwa neno moja: haionekani.

Jioni hiyo nilimpeleka mume wangu Dunga tukale samaki. Nilikula mbuta mzima, kichwa na macho.

Mwezi uliofuata nilimwuliza, "Daktari, kwa hiyo nimepona?"

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye wa lugha. 'Haionekani' na 'haipo' ni neno moja?"

Akageuza ile karatasi na kuchora nyuma yake. Duara kubwa, seli ya ini. Ndani yake duara dogo, kiini. Ndani ya kiini pete ndogo kama ya shanga. Hiyo pete ni DNA ya virusi, iliyojifunga mduara na kukaa mahali pale pale panapokaa DNA yangu mimi. Ni kama hati ya shamba iliyofichwa ndani ya godoro, nilimwambia, akakubali. Tenofoviri inazuia kunakili: virusi vya B hujizalisha kwa kuandika nakala kutoka RNA kurudi DNA, na kidonge kinapachika herufi bandia katikati ya mwandiko, sentensi ikakatika hapo. Lakini hati asilia hakiigusi. Ndiyo maana damu inaonekana safi, na ndiyo maana pia yale magamba matupu yanaendelea kutoka, kwa sababu kuyatengeneza hakuhitaji ile hatua inayozuiwa. Gari limezuiwa kuondoka; watu wa steji bado wamekaa ndani.

Nikamwuliza swali ambalo nadhani kila mgonjwa angeuliza kama angepewa muda: sasa virusi vimeshuka hivi, soja wangu ameamka?

Hakujibu haraka, na kwa hilo namheshimu. Alisema, kidogo.

Nimeendelea kulitafuta jibu hilo tangu siku ile, usiku, kwa simu, bando likiisha katikati ya jedwali. Swali lenyewe si jipya. Mwaka 1998 Carolina Boni na wenzake wa Parma, Italia, walichukua damu ya wagonjwa kabla na baada ya kuanza lamivudini, dawa ya kizazi kilichotangulia cha tenofoviri. Wakaziweka seli T kwenye vyombo vya maabara na kuzionjesha protini za virusi. Kabla ya dawa, karibu kimya. Baada ya dawa, seli zilianza kugawanyika na kuitikia. Nikawazia mtafiti aliyeona hivyo kwa mara ya kwanza. Lazima alitoka nje kupunga upepo. Maana iliaminika zimekufa ganzi kabisa, kumbe zilikuwa zimezidiwa na kelele. Ukipunguza kelele, zinasikia.

Furaha hiyo haikukaa. Mwaka 2003 kundi hilo hilo liliripoti kwamba mwamko ule ulikuwa wa muda, baada ya miezi kadhaa ukafifia. Mwaka 2012 wakarudi na wagonjwa waliotumia dawa kwa miaka, virusi vikiwa vimezimwa kabisa. Hapo seli T zilifufuka kwa kiasi kikubwa, ila tu baada ya kulelewa siku kadhaa maabarani. Zikipimwa moja kwa moja kutoka kwenye damu, bado zilikuwa dhaifu. Nilisoma matokeo hayo mara tatu. Ni kama mwanafunzi anayejibu vizuri kwenye masomo ya jioni, mkiwa wawili, halafu mtihani wenyewe ukija anakuandikia jina lake tu.

Ipo na njia nyingine, interferoni ya sindano, moja kwa wiki kwa wiki 48, na inaugusa ulinzi upande wa pili: seli za NK, walinzi wa aina nyingine, zinaongezeka na kupata nguvu, huku CD8 zikipungua. Hizo NK nazo si ndugu wa kuaminika. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2013 kwamba katika B sugu zinaweza kuziua seli T zile zile tunazozililia. Hapo nilifunga simu nikalala. Siku nyingine ugomvi wa ndani ya mwili unachosha kama ugomvi wa mirathi.

Kaka yangu ni fundi wa magari Nakuru. Alianza dawa miezi sita baada yangu, na karatasi yake nayo ilipokuja kusema haionekani, alinipigia simu kwa furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuikatiza. Nilimwambia asiache kidonge. Alisema ndiyo. Mwishoni mwa 2021 aliacha. Kliniki ilikuwa mbali na gereji, kopo lilikuwa linalia mfukoni, na wateja walishaanza kuuliza. Sikujua. Tulikuwa tukiongea kila Jumapili na sikujua.

Miezi minne baadaye mke wake alinipigia alfajiri. "Wifi, njoo. Macho yake yamekuwa kama limau."

Nilipanda gari la kwanza, la saa kumi na moja. Kericho kulikuwa na ukungu, dereva alikwenda kama anabeba mayai. Nilimkuta wodini, mkojo wake kwenye chupa ya plastiki chini ya kitanda ukiwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kimeng'enya cha ini, kinachopaswa kuwa chini ya 40 hivi, kilikuwa kimepita 1,400. Tumbo lilimuuma akiguswa tu. Kikubwa nilichokiona ni mikono: mikono ya fundi, yenye grisi iliyoingia kwenye mistari na haitoki kwa sabuni yoyote, na chini ya ile grisi ngozi ya manjano.

"Dada," aliniambia, "si ilisema haionekani?"

Kilichompata kina maelezo, na nilimpa maelezo hayo baadaye, alipoweza kukaa. Miaka miwili ya kidonge ilikuwa imepunguza kelele, na soja wake alikuwa amepumzika, amepata usingizi, amerudisha nguvu kiasi. Halafu mlango ukafunguliwa ghafla. Ile hati iliyokuwa godoroni ikatolewa, virusi vikajaa damuni kwa wiki chache, na seli za ulinzi zikaamka kwa pamoja, zikalivamia ini bila kuchagua. Wengine ini lao hushindwa hapo hapo. Yeye alikaa wodini wiki tatu, akarudishiwa tenofoviri, akapona ule mwako. Ugonjwa wenyewe bado anao.

Mwaka 2018 watafiti wa Singapore na London, Laura Rivino akiwa mmoja wao, walikuwa wamewachunguza wagonjwa walioacha dawa chini ya uangalizi wa madaktari. Wengine walipata mwako kama wa kaka yangu, wengine hawakupata. Nani alikuwa salama? Mtu angesema: wale ambao seli zao hazina breki. Ikawa kinyume. Waliokuwa salama ni wale ambao kabla ya kuacha walikuwa na seli T za B zenye PD-1, breki ile ile tuliyofundishwa kuwa ni alama ya uchovu.

Nilipolisoma hilo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimezisema vibaya seli zangu kwa miaka. Nimeziita vivu, zimelala, zimekubali kushindwa. Kumbe ile breki ina kazi. Ini langu lina miaka zaidi ya 40 na virusi hivi na kipimo cha ugumu wa ini kinasema bado ni laini; mtu fulani alilinda hilo, na hakulilinda kwa kupigana. Ndugu za mume wangu walikaa miaka 20 na mpaka wa shamba uliosogezwa na jirani. Vijana waliwaita waoga. Lakini hakuna panga lililotoka, na walipopata mpimaji na ushahidi, walikuwa bado wako hai wa kuutoa. Sisemi uchovu ni hekima. Ninasema tu kwamba nimeacha kumtukana soja.

Na ndiyo maana nina wasiwasi kila nikiona mtu mtandaoni anauza "dawa ya kuongeza kinga" kwa wagonjwa wa B. Kuiongeza iende wapi? New Zealand walijaribu, kwa tahadhari kubwa, kuifungua breki ya PD-1 kwa kundi dogo la wagonjwa waliokuwa tayari kwenye vidonge. Matokeo yalitolewa 2019, na mgonjwa mmoja alipoteza gamba kabisa, jambo lililo karibu zaidi na kupona, baada ya kimeng'enya cha ini kupanda. Mmoja. Ipo pia bepiroviriseni, sindano inayoshambulia ujumbe wa virusi ili magamba yenyewe yapungue. Katika majaribio yaliyochapishwa 2022, karibu mtu mmoja kati ya 10 waliopewa kwa wiki 24 alibaki bila gamba wala virusi miezi sita baada ya kumaliza. Mtu mmoja kati ya 10 ni wengi ukilinganisha na vidonge vyetu, ambavyo kwavyo ni kama mmoja kati ya 100 kwa mwaka, au pungufu. Waandaaji wa mitishamba wangesikia hesabu hizi wangeona haya. Hawasikii.

Ukitaka kulinda ini lako wakati unasubiri, kuna mambo ya kawaida kabisa. Mahindi yenye ukungu, kwa mfano. Ile sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 upande wa Ukambani mwaka 2004 ndiyo hiyo hiyo ambayo, ikikutana na B kidogo kidogo kwa miaka, inazidisha hatari ya saratani ya ini. Mume wangu sasa ananicheka ninavyochambua punje sokoni Kibuye kama ninasahihisha insha. Acha acheke. Na kila miezi sita nalala kwenye kitanda cha picha ya mawimbi, yule kijana ananipaka ile jeli baridi na kunyamaza, na mimi nasoma uso wake.

Mwaka 2021 nililipia kipimo cha kuhesabu magamba, sampuli ikaenda Nairobi. Ilikuwa 4,100. Mwaka 2024, 3,300. Watafiti wa Ufaransa walipiga hesabu mwaka 2013 kwamba kwa kidonge peke yake, gamba litachukua kwa wastani zaidi ya miaka 50 kuisha. Nilijumlisha na umri wangu, nikaona bora nisahihishe madaftari.

Pamba nimeitoa kwenye kopo. Sikuitoa kwa ushujaa. Mtoto wangu wa pili aliihitaji kwa kazi ya sayansi, kuotesha maharagwe, nami sikununua nyingine. Kopo linalia. Wale walimu wawili nao wamezoea.

Saa tatu usiku, kila siku, kaka yangu ananipigia simu kutoka Nakuru. Hasemi neno kwanza. Analileta kopo karibu na simu na kulitikisa, nami nalitikisa langu, halafu kila mtu anameza. Juzi alipotikisa, nikasikia vidonge vichache vinagongana, sauti nyembamba.

"Vimebaki vingapi?"

"Sita, dada."

"Na leo ni Alhamisi."

"Najua. Jumatatu gari la mteja linatoka gereji asubuhi. Nikilikabidhi tu, naenda."

"Uende kabla hujalikabidhi."

Akacheka, na nyuma yake nikamsikia wifi yangu akisema ataenda naye.

"Haya," akasema. "Nimemeza."